Mwaka Tuliompa Bi Somoe Haki

Nilitoka matangani Mpapura Jumamosi mchana, nikapitia nyumbani Chuno kuvua kanga na kuvaa gauni, kisha nikaenda kukaa kwenye ukumbi wa hoteli kule Shangani kuwasikiliza niliosoma nao wakisifiana. Ulikuwa mkutano wa wahitimu wa shule yetu, shule ya kulipia ambayo enzi zetu ilijaa watoto wa watumishi wa serikali, wa maofisa wa bandari na wa wenye maduka. Mada ya mwaka huu ilikuwa imeandikwa kwenye bango la rangi ya dhahabu: wahitimu wetu katika taaluma ya sheria yenye maana. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini kamati ya maandalizi iliona heri ituambie, tena kwa herufi kubwa. Kulikuwa na pilau, kulikuwa na kamba waliokaangwa mpaka wakasahau kwamba walitoka baharini, na kulikuwa na mshereheshaji ambaye hakuweza kumaliza sentensi bila kumwita mtu msomi. Godlisten alikuwa mgeni wa heshima. Sasa ni wakili mkubwa Dar es Salaam, kitambi kimemtangulia, sauti imekuwa nzito kama ya mtu anayejirekodi. Walimpa tuzo ya kioo kwa kutetea wanyonge. "Safari yangu," alisema, akiishika ile tuzo kifuani, "ilianza hapahapa Mtwara, kwa mama mmoja mjane wa Mpapura aliyekuwa ananyang'anywa kila kitu na ndugu za mume. Nilipomwona yule mama nikajua kwa nini Mungu alinipeleka kusoma sheria." Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi. Mimi nilibaki nimekaa na kijiko changu mkononi. Yule mama mmoja mjane wa Mpapura tulikuwa tumemzika Alhamisi.

Jina lake ni Bi Somoe. Nalitaja kwa sababu katika hotuba ile ya Godlisten, ambayo nimeisikia mara nyingi sasa, halimo. Nilimfahamu mwaka tuliorudi Mtwara kutoka chuo kikuu, sisi watatu, Godlisten, Shabbir na mimi, tukiwa na shahada mpya za sheria na tukisubiri nafasi ya kwenda kufanya mafunzo ya uwakili. Gesi ya Msimbati ilikuwa mdomoni mwa kila mtu mwaka ule. Hata kinyozi wa Chuno alikuwa na mpango wa kununua viwanja. Wenzetu wenye akili walikwenda kujibanza kwenye ofisi za Dar wakachemsha chai za mawakili na kujifunza kazi. Sisi tuliona hilo ni jambo la watu wadogo. Shuleni tulikuwa tumeambiwa asubuhi baada ya asubuhi, kwenye mistari, kwamba tumezaliwa kuongoza na kuhudumia, na tulikuwa tumeamini hasa lile la kwanza. Godlisten akatangaza kwamba tutafungua kituo cha msaada wa sheria. Baba yake Shabbir, aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi Mikindani, akatupa chumba cha juu bure, nadhani ili mwanawe asizurure.

Chumba kile bado ninacho puani. Kilinuka rangi ya mafuta, kamba za katani na bizari, maana upande wa pili wa ukuta kulikuwa na jiko la mama yake Shabbir. Tulikuwa na meza moja ndefu ya mbao iliyochubuka, viti vitatu vyetu na benchi moja la wateja, ambalo kwa muda mrefu lilikaliwa na paka. Saa nne mama yake Shabbir alituletea chai ya maziwa yenye iliki na kachori za moto, Ijumaa ikawa biriani, nasi tukala na kubishana juu ya haki za binadamu mpaka wali ukapoa. Sakafu ilikuwa ya mbao zenye nyufa, kwa hiyo kila kilichosemwa dukani tulikisikia. Siku moja mteja alimuuliza mzee kelele za juu ni za nini. Mzee akajibu taratibu, huku misumari ikimiminwa kwenye mizani, "Watoto wamesoma sana, bwana. Sasa wanatafuta mtu wa kumsaidia." Shabbir aliona haya. Godlisten alisema mzee hana upeo. Mimi nilicheka, na leo nikikumbuka nacheka zaidi, kwa sababu hakuna aliyewahi kutueleza kwa usahihi kuliko vile.

Lazima niseme kidogo jinsi tulivyokuwa, la sivyo msomaji atatuonea huruma bure. Tuliishi Mtwara utoto wetu wote bila kuwahi kufika Mtwara. Shule ilikuwa na ukuta, na ndani ya ukuta aliyekamatwa akiongea Kiswahili alivikwa kibao shingoni akashinda nacho mpaka amkamate mwenzake. Kimakonde ndiyo kabisa, kilikuwa cha jikoni na cha walinzi. Tulipelekwa Msimbati kuogelea kwa basi la shule, tukaimba nyimbo njiani, tukapita vijiji vizima bila kushuka. Wazazi wa wengi wetu walikuwa wametoka Kilimanjaro, Mbeya, Bukoba, wakihesabu muda wa kuhamishwa, na nyumbani walisema "watu wa huku" kama vile wao wenyewe wanaishi kwingine. Kwa hiyo tulijua kesi za mahakama za rufaa za nchi tusizowahi kuzikanyaga, lakini hakuna kati yetu aliyejua jambo ambalo kila mtoto wa Mpapura analijua kabla hajaota meno ya pili, kwamba huku mwanamume akioa anakwenda kwao mke, na shamba hufuata tumbo la mama.

Bi Somoe alipanda ngazi zetu mwezi wa tano, akiwa bado kwenye eda, amejifunika kaniki, na kikapu cha ming'oko, vile viazi vya porini, iliyochemshwa kichwani. Alimfukuza paka kwa upole, akakaa kwenye benchi, akatugawia ming'oko na chumvi yenye pilipili kabla hajasema lolote. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye macho yanayocheka hata alipokuwa na huzuni. Shida yake ilikuwa hii. Mumewe alikuwa amefariki. Siku ya tatu ya msiba shemeji yake alikuja akachukua baiskeli ya marehemu, redio, na mashine ya kupulizia mikorosho, ile inayobebwa mgongoni. Baiskeli na redio, alisema, si kitu, wachukue, ni vya ndugu yao. Lakini mashine ilinunuliwa kwa korosho zake yeye, na mikorosho ilikuwa inakaribia kuchanua. Isipopigwa salfa wakati huo ugonjwa wa ubwiriunga unaingia kwenye maua, unga mweupe unatanda, na msimu umekwisha hata kabla haujaanza.

"Wanangu, mimi nataka mashine yangu tu," alisema. "Niandikieni karatasi yenye nhuri, nikamwonyeshe. Yule shemeji yangu mwoga, akiona nhuri atarudisha."

"Mama," Godlisten akamwambia, akisogeza kiti mbele na kuinama kama alivyoona mapadri wanavyofanya, "haki yako ni kubwa kuliko mashine. Shamba je? Wameligusa?"

"Shamba waliguse vipi? Shamba la bibi yangu nzaa mama. Nme wangu alikuja na begi lake, baba. Begi moja. Mikorosho aliikuta."

"Aliishi hapo muda gani?"

"Tangu ujana wetu. Watoto wangu wote wamezaliwa hapo."

"Na alikuwa analima?"

"Kwani alikuja kulala?" Bi Somoe alisema, akatutazama mmoja mmoja akingoja tucheke. Hatukucheka. Godlisten alikuwa anaandika. Bi Somoe akaongeza kwamba kaka yake, mjomba wa watoto, ameshauri wangoje arobaini, ukoo ukae, vitu vya marehemu vigawanywe mezani kwa heshima, ila yeye anaona arobaini itapita na maua yatakuwa yameshaungua. Ndiyo maana amekuja. Alitaka karatasi ya kumtisha shemeji, basi.

Alipoondoka ndipo tulipomjadili, huku tukimalizia ming'oko yake. Nakumbuka vizuri maneno yaliyosemwa kwenye meza ile, kwa sababu ndiyo yaliyomla. Nilisema mimi naona tuandike hiyo barua ya mashine. Godlisten akanijibu kwamba huo ndio ufinyu unaowaacha wanawake wa Afrika walipo. Mjane yuko mbele yetu, ndugu wa mume wameshaanza na baiskeli, kesho ni nyumba, keshokutwa ni shamba, na sisi tuhangaike na bomba la dawa? Nikamkumbusha kwamba mwenyewe amesema shamba ni la bibi yake. "Mama ana huzuni," alisema Godlisten, "anachanganya mambo. Mume ameishi hapo, amelima hapo, amefia hapo. Kisheria hizo ni mali za marehemu. Kama hatujaziandika mahakamani leo, nani atamlinda?" Shabbir aliuliza kama tusimwite huyo kaka yake tumsikie. Godlisten akasema hilo hasa ndilo tusilofanya, kumwita mwanamume mwingine aje kumsemea. Alikuwa na majibu ya kila kitu. Majibu yote yalikuwa yametoka kwenye vitabu vinavyoeleza wajane wa kwingine, wajane waliohamia kwa waume zao, na hakuna hata mstari mmoja humo uliomjua mjane ambaye mume ndiye aliyehamia kwake.

Basi tukamwandikia Bi Somoe maombi ya kuwa msimamizi wa mirathi ya mumewe. Kwenye mali za marehemu tukaorodhesha shamba lote la mikorosho, na nyumba. Mashine tulikuwa tumeiandika mwanzoni. Godlisten akaikata kwa mstari. "Tusichanganye hoja kubwa na vitu vidogo," alisema, na akapuliza wino ukauke. Bi Somoe alipoletwa kuweka dole gumba aliuliza tena kama humo mashine imo. Godlisten akamwambia, "Mama, humu mna haki yako yote." Akaweka dole. Alituamini kwa sababu tuliongea bila kusita, na kwa sababu baba yake Shabbir alikuwa mtu mwaminifu ambaye alimuuzia mabati ya nyumba yake. Hatukungoja arobaini. Wito wa mahakama ulimfikia shemeji wakati ukoo ungali unapika chakula cha msiba, na shemeji yule, aliyekuwa mwoga wa mhuri, akawa na hasira ya mtu aliyetukanwa mbele ya maiti ya ndugu yake.

Wakati ule mawakili hawakuruhusiwa kusimama mahakama ya mwanzo, achilia mbali sisi ambao hata mawakili hatukuwa. Tulikaa nje kwenye upenu, tukila mihogo ya kukaanga, Godlisten amevaa tai nyekundu katika joto lile ili aonekane. Kupitia dirishani tulimsikia hakimu, mtu wa makamo asiye na haraka, akimteua Bi Somoe kuwa msimamizi. Godlisten akaruka. Alimkumbatia Shabbir, akanikumbatia mimi, akamtoa Bi Somoe mlangoni akamsimamisha katikati yetu tupigwe picha. Picha ile ipo mpaka leo kwenye korido ya shule yetu, imewekwa fremu. Sisi watatu tumetoa meno. Bi Somoe anatazama pembeni, kwa sababu upande ule alikuwa amesimama shemeji yake, na Bi Somoe alikuwa anamuuliza kuhusu mashine. Mama yake Shabbir alitupikia biriani ya mbuzi siku ile, na Godlisten akatoa hotuba, ambayo kimsingi ndiyo hiyohiyo ya Jumamosi.

Kusimamia mirathi si kurithi. Hilo tulilijua, lilikuwa kwenye mtihani. Tulichokuwa hatujafikiri ni kwamba mali ikishaitwa ya marehemu lazima igawanywe kwa warithi wa marehemu. Marehemu alikuwa Mwislamu, Bi Somoe ana mabinti wawili tu, hana mtoto wa kiume, na kwa sheria ya dini yao fungu la mjane ni thumni, moja ya nane, mabinti wana lao, na kinachobaki ni cha ndugu za marehemu. Hakimu hakukosea hata neno. Aligawa alicholetewa. Ndugu za marehemu, ambao maishani mwao hawakuwahi kuota kudai shamba la ukoo wa mke, walikuwa wametaka redio na baiskeli, wakapewa mikorosho. Walipewa upande wa barabarani, penye miti ya bibi, mikubwa, iliyokuwa ikizaa kuliko yote. Bi Somoe alirudi kwenye chumba chetu akakaa kwenye benchi bila kikapu. "Mmewaambia shamba la nme wangu," alisema. "Kwa nini mmewaambia shamba la nme wangu?" Godlisten alimweleza juu ya rufaa. Alimweleza kwa muda mrefu, kwa mikono, na sauti ya kupendeza. Wiki mbili baadaye akapata nafasi ya mafunzo Dar es Salaam, akaondoka na basi la asubuhi. Shabbir alikaa mpaka mfungo, kisha baba yake akampeleka Nairobi kusomea kodi. Siwezi hata kumchukia, angalau yeye alijua kuona haya.

Mwaka ule mikorosho ya Bi Somoe, hata ile iliyobaki mkononi mwake, haikupigwa salfa. Nilikwenda kumtembelea mwezi wa saba, nikaona maua yamekuwa meupe, halafu meusi, yakidondoka yenyewe bila upepo. Mashine ilikuwa kwa shemeji, hakuna aliyeiombea mahakamani, na kikao cha ukoo cha arobaini, kilichokuwa kimwombee, hakikukaa, maana nani tena angekaa kwenye jamvi moja na nani? Alinipikia ugali wa muhogo na kisamvu, tukala. Mwaka uliofuata wale ndugu waliuza upande wao kwa mtu wa mjini aliyesikia habari za gesi, naye akaing'oa miti yote apime viwanja. Utajiri wa gesi haukufika Mpapura. Viwanja vipo mpaka leo, nyasi tupu na vigingi vya saruji. Mimi nilipopata uwakili nilirudi Mtwara, nikafungua ofisi Chuno ya kuandika mikataba na kutetea wezi wa kuku, na kwa miaka nilipambana kwenye mahakama za juu mpaka nikamrudishia Bi Somoe lile lililowezekana, yaani nyumba na mikorosho ya nyuma yake, ambavyo bado vilihesabiwa mali ya marehemu. Ya barabarani ilikuwa imekwenda. Sijapewa tuzo, na ningepewa ningeitumia kuzuia mlango.

Kwa hiyo Jumamosi, makofi yalipokwisha, nilimfuata Godlisten mezani kwake nikamwambia yule mama amefariki. Alishika kifua. Kweli, alishika kifua, na akafumba macho. "Tekla, lazima nifike," alisema. "Kesho kabla ya ndege. Ni kama mama yangu yule." Nilijua nafanya nini nilipomkubalia. Jumapili ilikuwa siku ya hitima, na siku ya hitima watani, wale wenye ruhusa ya kufanya mzaha msibani, wangekuwepo.

Alikuja kwa gari jeupe la kukodi, ameshika tuzo ya kioo, kwa sababu alitaka kuwaonyesha mabinti. Wanaume wakampisha kwenye jamvi la nje, akavua viatu, viatu vya ngozi vyenye ncha, akakaa akijikunja kwa shida. Mimi nilisimama karibu kumtafsiria sura za watu. Dua ilipokwisha na sinia za wali zikaanza kuondolewa, watani wakaingia uwanjani. Bi Tatu, mtani wa Kiyao, mwanamke mnene ambaye nimemwona akichekesha misiba mingi, alikuwa amejitanda buibui jeusi mabegani kama joho, na kitambaa cheupe kinaning'inia shingoni. Mwenzake, amevaa kanga za Bi Somoe mwenyewe, alitembea kama Bi Somoe, hatua fupi, kikapu kichwani. Watu walianza kucheka kabla hawajafungua vinywa. Mchezo ule wanaujua, pamoja na maneno ya mezani kwetu, ambayo nilimsimulia Bi Somoe mwenyewe miaka ile ya kesi. Nimeuona Mpapura katika misiba chungu nzima, hata ya watu wasiomhusu Bi Somoe, na Bi Somoe mwenyewe alikuwa akiucheka mpaka anashika mbavu.

"Mama, umekuja kuomba nini, mama?" alisema Bi Tatu kwa Kiswahili cha puani, akiinama mbele.

"Mashine yangu ya kupulizia."

"La, la, la! Mama, nitakupa haki!"

"Haki inapulizia nkorosho?"

"Mama una huzuni, mama, unachanganya mambo! Hebu weka dole hapa. Na hapa. Na hapa. Cheka, tupige picha!"

Uwanja ulikuwa umelala kwa kicheko. Mabinti wa Bi Somoe walikuwa wanacheka na machozi yanawatoka pamoja. Godlisten naye alicheka. Alitoa simu akawa anarekodi, akaninong'oneza kwamba utamaduni huu ni hazina, atairusha kwenye grupu la wahitimu. "Anaigizwa nani?" aliniuliza.

"Wakili mmoja," nilimwambia.

"Duh, wamemweza!"

Bi Tatu akaja moja kwa moja kwetu. Akainama, akaviokota viatu vya Godlisten pembezoni mwa jamvi, akavikumbatia chini ya buibui. Kwa mila ya utani hakuna wa kukasirika, na kilichochukuliwa hakirudi mpaka mtani apewe alichodai. "Msomi," alimwambia, sasa kwa sauti yake mwenyewe, "viatu hivi havitoki Mpapura mpaka mashine irudi."

Godlisten alikuwa bado ametabasamu. Alinitazama mimi, akamtazama Bi Tatu, kisha akanigeukia tena, simu bado mkononi.

"Mashine gani?" aliniuliza.

Watu waliangua kicheko kikubwa kuliko vyote vya siku ile, wakidhani na yeye anajua kucheza.